Kilio, masua na ugonjwa: ni nani anayepaswa kungoja?

Katika mji wetu wa Kisangani, mtu akiaga dunia, swali la kwanza si la jeneza wala la kaburi. Tunaulizana: "Nani bado hajafika?" Ndipo tunaanza kuhesabu. Yule wa Bunia iko njiani. Yule wa Buta anatafuta pikipiki. Wa Kinshasa anangoja ndege, na kama pesa ya ndege haipo, basi ni masua. Na masua kupandisha mto toka Kinshasa mpaka kwetu ni kilomita zaidi ya 1,700, wiki mbili au tatu, mara nyingine mwezi mzima kama mashine imekufa ao masua imekwama kwenye mchanga. Hata hivyo tunamngoja, maana kwetu mtu asiyengojwa kwenye kilio ni kama mtu asiyehesabiwa katika jamaa.

Ndugu msomaji, tunaandika kurasa hizi juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe mwaka 2020, na ambalo mpaka leo halijaisha kabisa nyumbani kwetu. Swali lenyewe ni hili: ugonjwa unapotembea kati ya watu, je, ni haki kuita jamaa wasafiri na kukusanyika? Na kama tunasema hapana, tunamwambia nani hapana, na ni nani anayelipa hiyo hapana?

Baba yetu alifariki mwezi wa tano 2019. Tulimzika vizuri, na mama akavaa nguo za kilio. Katika jamaa yetu, watu wa mto, upande wa Isangi pale Lomami inapoingia katika mto mkubwa, mjane anabaki hivyo mpaka ndugu za marehemu wakusanyike na kumvua. Wanamwogesha, wanampa nguo mpya, wanakula pamoja naye, na mkubwa wao anasimama kusema mbele ya wote kwamba deni limekwisha, mama huyu iko huru. Kabla ya siku hiyo haendi kwenye karamu, hakai sokoni kuuza, na hata kucheka kwake kunahesabiwa. Tulipanga siku ya Pasaka, tarehe 12 mwezi wa nne 2020. Kaka yetu mkubwa wa Kinshasa alikuwa apande masua pamoja na bibi yake na watoto, wampitie dada yetu Mbandaka, wapite Lisala na Bumba, wafike kwetu juma moja mbele ya siku. Mbuzi walikwisha nunuliwa. Kitambaa cha sare ya jamaa kilikwisha katwa.

Tarehe 10 mwezi wa tatu mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Kinshasa. Tarehe 18 raisi Tshisekedi akasema kwenye televizyo: mikutano ya watu zaidi ya 20 imekatazwa, shule na makanisa zifungwe, matanga yasifanywe katika sale wala nyumbani, maiti itoke moge moja kwa moja mpaka makaburini. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura na kukata safari kati ya Kinshasa na majimbo.

Jamaa ikakutana kwetu Mangobo, uani, viti vimesogezwa mbali mbali kama tulivyosikia kwenye redio. Baba mkubwa, kaka ya marehemu, alituma neno toka Isangi: "Ugonjwa ya ndege ni ya watu ya ndege. Sisi tuko watu ya mutumbwi." Watu walicheka. Vijana wengine walisema serikali inakataza Kinshasa tu, na kwamba kati ya Bumba na Kisangani balenieri zinaendelea kutembea usiku. Ndipo tulipoamka sisi, mwalimu wa jamaa, mtu wa diploma, tukasema hapana. Tena tuliandika barua, ili neno lisigeuzwe njiani.

Sababu yetu haikuwa korona peke yake. Mawazo yetu yalikuwa kwenye mwaka 2011. Mwezi wa tatu mwaka ule kolera ilitokea hapa hapa Kisangani. Halafu ikashuka na mto, bandari kwa bandari, ikapita Mbandaka, ikapita Bolobo, na mwezi wa sita ikawa imeingia Kinshasa. Ugonjwa haukupanda ndege. Ulipanda balenieri pamoja na mifuko ya mahindi, samaki wa kukauka na mama zetu wanaokwenda kuuza.

Aliyekwisha safiri katika balenieri anajua. Ni mtumbwi mkubwa wa mbao wenye mashine nyuma, mizigo chini, watu juu ya mizigo, turubai ikiwa Mungu amependa. Choo ni ubao unaotoka nyuma juu ya maji. Maji ya kunywa yanachotwa upande huu, na ya kule nyuma yanaanguka upande ule, na mto ni mmoja. Mtu akianza kuhara usiku, jirani yake atasogea wapi? Mwenye masua hataki kusimama, maana mafuta ni ghali na mizigo inaoza. Mgonjwa naye anaficha, anaogopa kushushwa katika kijiji asichokijua. Kila mmoja ana sababu yake, na hakuna hata mmoja aliye mtu mbaya. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu tumezoea kufundisha watoto kwamba ubaya unafanywa na watu wabaya.

Na tusifikiri ni umaskini tu unaoleta haya. Mwezi wa pili 2020, masua kubwa ya watalii, Diamond Princess, ilifungiwa katika bandari ya Yokohama huko Japani. Watu 3,711 walikuwa ndani, abiria na vitanda na vyoo ndani ya vyumba vyao, na hata hivyo 712 walipatikana na ugonjwa. Wale walisafiri kwa kupumzika na kuona dunia. Wetu wanasafiri kulia. Tofauti hii ilitusumbua sana, maana mtu anaweza kuahirisha mapumziko bila kumkosea mtu. Lakini kilio je?

Basi tulishinda. Siku ikasogezwa "mpaka ugonjwa uishe". Tulijisikia watu wenye akili, tukisema ukweli hata wenye kiburi kidogo. Pasaka ikapita. Mbuzi wawili tuliwauza, mmoja akaibiwa. Hali ya dharura iliondolewa mwezi wa saba, lakini kaka yetu alikuwa amepoteza kazi na pesa ya safari ilikuwa imekwisha liwa. Tukapanga Noeli. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili ikaja amri mpya, watu wasitembee usiku, toka saa tatu mpaka saa kumi na moja asubuhi, na kilio bila usiku, sisi watu wa Kisangani, ni kilio gani? Tukasogeza tena.

Wakati huo wote mama alikuwa ndani ya nguo nyeusi. Alikuwa anauza makayabu sokoni toka zamani. Meza yake ikachukuliwa na mwingine. Mjukuu wake alipobatizwa, mama alibaki nyumbani. Jioni moja tulimkuta ameketi nyuma ya jiko, tukamuuliza kama iko mgonjwa. Akasema: "Papa, mulichunga watu yote. Miye, mulinichunga na nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumepiga hesabu ya upande mmoja. Katika hesabu yetu waliingia wale ambao wangeweza kuugua, na ilikuwa haki waingie. Lakini kungoja kwenyewe hatukukuhesabu, kana kwamba kungoja hakuna bei. Kulikuwa na bei, na aliyeilipa ni mtu mmoja tu, ambaye katika mkutano ule wa uani hakuulizwa hata neno, maana mjane hasemi katika mkutano wa namna hiyo. Sisi tuliendelea kufundisha shule zilipofunguliwa. Kaka yetu aliendelea kutafuta kazi. Ugonjwa ulisimamisha siku moja ya karamu kwetu, na kwake ulisimamisha maisha.

Kuna wanaosema: tazama basi, ni desturi yenyewe iliyo mbaya, tuitupe. Wengi wa wanafunzi wetu wanasema hivyo, na kwa upande wa mjane hatuwezi kuwakemea sana. Lakini kabla ya kutupa kitu, inafaa kukitazama kimefanywa na vipande gani. Wazee wa mto walikuwa na ngoma ya kusema. Mmisionere John Carrington, aliyeishi Yakusu karibu na mji wetu na kuandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza namna Walokele walivyopeleka habari kutoka kijiji mpaka kijiji kwa sauti mbili za gogo, ya juu na ya chini, kila mtu akiwa na jina lake refu la ngoma. Habari ya kifo ilipita hivyo. Aliye karibu alikuja, na aliye mbali alilia pale alipo, na hakuna aliyemwambia kwamba hakupenda marehemu. Na maiti haikungoja wiki tatu, kwa joto hili letu!

Ni baadaye, pamoja na masua kubwa za mto, pamoja na moge, pamoja na ndege, ndipo tulipojifunza kwamba wote lazima wawepo. Hatusemi ni vibaya. Ni vizuri kabisa kuonana. Ila tunapopiga meza na kusema "hii ni desturi ya mababu", sehemu moja ya desturi hiyo umri wake haupiti ule wa tiketi za Onatra.

Jambo la namna hii lilionekana kwa ukali zaidi kwa jirani zetu wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, katika Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyogusa watu 3,470 na kuua 2,287. Maiti ya Ebola inaambukiza kweli, na kuiogesha kwa mikono ni kujiua. Lakini kikosi kilipokuja na mavazi yale meupe, kikachukua marehemu katika mfuko bila neno, watu walirusha mawe, na wengine walizika kwa siri usiku. Kazi ilikuwa nyepesi zaidi pale jamaa iliporuhusiwa kuona uso kwa mbali, kuchagua nguo na jeneza, kusali, kutaja jina. Hatari ilikuwa katika kugusa. Heshima haikuwa yote katika kugusa. Waliotenganisha mambo hayo mawili waliwasaidia watu, na waliochanganya walipigana nao.

Nasi tulikuwa tumechanganya. Kukusanyika ni kitu kimoja, kumwachilia mjane ni kitu kingine. Cha kwanza kilihitaji watu mia mbili na masua. Cha pili kilihitaji nani? Hatukujua, kwa sababu hatukuuliza. Mwanzoni mwa 2021 tulimpigia baba mkubwa simu kuomba msamaha juu ya kusogeza siku mara ya tatu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Muliandika watu wasikuje. Hamukuandika mama asivuliwe. Miye peke yangu na mutumbwi, na maji, na nguo moja, ningekuja. Mungeuliza tu." Yeye alikuwa amengoja barua nyingine kutoka kwa mwalimu. Mwalimu alikuwa anangoja ugonjwa uishe.

Baba mkubwa alifariki mwezi wa pili mwaka ule ule, ugonjwa wa figo. Mama alivuliwa mwezi wa nane 2021 na mdogo wake, mtu mwema lakini asiyejua maneno yote. Watu walikuwa kumi na tisa. Tuliwahesabu, mazoea ya korona. Wa Kinshasa walisikiliza kwa simu iliyowekwa juu ya kiti, mtandao ukikatika katika kila sentensi ya tatu. Katika kaye ya michango tuliandika majina yao pamoja na waliokuja, hakuna aliyepinga. Mjomba mmoja alinung'unika kwamba pesa ya simu haitoi machozi. Labda. Lakini kaka yetu tulimsikia akilia kule ndani ya simu, wote tulimsikia, na mama alimwambia anyamaze.

Wako wanaotuambia leo kwamba hayo ya korona yamepita. Mpox ilikuja, shirika la afya la dunia likaitangaza hatari ya ulimwengu tarehe 14 mwezi wa nane 2024 na kuiondoa katika hali hiyo mwezi wa tisa 2025. Hapa mjini tulirudia kusalimiana kwa kiwiko, wazee wakikasirika. Mwaka 2025 kolera nayo imerudi katika Tshopo. Kwa hiyo hatuwezi kusema tutakutana "mpaka ugonjwa uishe". Katika nchi yetu ugonjwa unabadilisha jina tu, na watu wanazaliwa, wanaoa na kufa kati kati yake.

Sasa tuko tunapanga tena. Binti ya dada yetu wa Mbandaka anatolewa mali hapa Kisangani, na upande wa mama yake watapandisha kwa balenieri, watu kumi na wawili. Safari hii mkutano ulifanyika na mama akiwa ndani, kwenye kiti chenye mgongo, na yeye ndiye aliyesema zaidi ya sote. Aliuliza juu ya maji. Ametuma kwa mtu wa bandari vidonge vya kusafisha maji, madumu manne yenye kifuniko, na sabuni, akaagiza wasinywe ya mto hata kama wengine wanacheka. Halafu akatuambia tuandike, kwa kuwa sisi ndio wa kuandika, kwamba kama mtu tumbo linamkatika ashuke Bumba aende hopitali, mmoja abaki naye, na wasione haya. Tukamuuliza tuandike nini juu ya siku yenyewe, kama hao wawili watachelewa.

"Andika kwamba mali itapokelewa siku ile ile," akasema. "Nyama yao tutawawekea."