Haki ya Mgeni Mgonjwa na ya Nyumba Iliyofiwa

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu aliyetuumba tuhitajiane, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu wa pwani, jueni ya kuwa iko Bagamoyo yetu ya baharini, na iko Bagamoyo nyingine katika mji wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe, penye baridi na mvua nyingi, migomba na mashamba ya chai. Jina ni moja, na baina yake ni safari ndefu. Basi kijana wetu aliyekwenda huko kwa kutafuta riziki, akishikwa na homa katika chumba cha kupanga, nani atakayempelekea uji? Na akifa, nani atakayemwosha?

Kabla ya kujibu, tukumbuke ya kwetu. Katika karne ya 19 Bagamoyo ya pwani ilikuwa mlango wa misafara. Wapagazi walishuka kutoka Unyamwezi wakichukua pembe za ndovu, nao hawana mama wala shangazi mjini. Na wengine waliletwa kwa nguvu, watumwa. Miongoni mwao alikuwa mtoto mmoja wa Kimanyema, kutoka mashariki ya Kongo. Mtoto huyo ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, aitwaye Sheikh Ramia, aliyekuwa mwanachuoni na khalifa wa tarika ya Qadiriya hapo Bagamoyo, mpaka alipofariki mwaka 1931. Na mwanawe, Sheikh Muhammad, akashika nafasi yake. Utumwa ulikuwa dhulma, wala hatuupambi. Lakini tazameni: mtu aliyekatwa na jamaa zake wa damu akawa baba wa watu wengi kwa elimu na dini. Basi mtu wa mji ule atasemaje leo ya kuwa mgeni hamhusu?

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kumzuru mgonjwa ni sunna. Ama kumwosha maiti Mwislamu, kumkafini, kumsalia na kumzika, ni faradhi ya kifaya: wakisimama wenye kutosha, dhima imewaondokea wengine, wakiacha wote hali wanajua, wote wana dhambi. Wala sheria haikuuliza kabila la maiti. Sanda hutoka katika mali yake. Akiwa hana mali, wala hana mtu ambaye nafaka yake ni juu yake, hutoka Beitulmali. Nayo isipokuwapo, ni juu ya Waislamu wenye uwezo.

Na hapa pana jambo ambalo watu wengi wamelipindua. Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 629, alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume wetu aliamuru watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Kwa hiyo wanavyuoni wetu, naye Imam Nawawi yumo, wakasema ni sunna majirani wawapikie wafiwa chakula cha kuwatosha mchana wao na usiku wao. Leo twaona kinyume chake. Mjane hajakauka machozi, naye aulizwa mchele uko wapi. Mbuzi hukopwa, waombolezaji hula wakaenda zao, na deni hubaki nyumbani. Desturi hii ya wafiwa kuwaandalia watu karamu wanavyuoni waliikaripia. Na ikiwa katika warithi yumo mtoto mdogo, fungu lake haliguswi hata kwa kibaba kimoja. Hatusemi hitima isisomwe. Twasema isomwe pasipo kumla yatima.

Basi, ewe ndugu, uwapo ugenini, jijulishe msikitini ungali mzima, upate kutafutwa siku usiyoonekana. Nawe uliye mwenyeji, ukimkosa mtu katika safu siku mbili tatu, uliza hali yake. Fika mlangoni kwake, mwombee dua, usikae mno ukamchosha, na kabla hujaondoka tazama kama mtungi wake una maji. Na ukisikia kilio kwa jirani, nenda na sufuria yenye chakula, usiende na tumbo tupu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu maiti wetu walio karibu na walio mbali, na atujaalie kuwa wa kutegemewa. Amin. Wabillahi taufiki.