Jumatano: Mboga za Kondeni

Soma Mwanzo 1:29 na 3:18. Ni chakula gani kiliongezwa baada ya anguko?

Edeni mwanadamu alipewa mimea itoayo mbegu, na matunda. Mboga za kondeni zinatajwa baada ya dhambi, katika fungu lile lile linalotaja miiba. Penye hukumu, Mungu aliandaa riziki.

Kabichi, sukuma wiki, brokoli na koliflawa ni za jamii moja. Zina nyuzinyuzi, foleti, vitamini C na K. Tena zina viini vyenye salfa. Jani likikatwa au kutafunwa, kimeng'enya kilichomo hugeuza viini hivyo kuwa kemikali nyingine, kama salforafani ya brokoli, ambazo wanasayansi huzichunguza kuhusu kinga dhidi ya saratani. Moto mwingi huharibu kimeng'enya hicho, na vitamini C huishia katika maji tunayomwaga. Basi osha kwanza, katakata, acha kidogo, kisha pika upesi kwa maji machache. (Anayetumia warfarini amwone daktari kabla ya kuzidisha mboga hizi, kwa sababu ya vitamini K.)

Lakini wengi wetu tunaona haya kumwekea mgeni wa Sabato sukuma wiki. Jina lenyewe lanuka uhaba. Afadhali tukope nyama! Danieli aliomba chakula duni mezani pa mfalme, wala hakujificha (Danieli 1:8–16).

Jadilini: Mgeni wako wa mwisho ulimwandalia nini, na ulikuwa ukimwogopa nani?