Joto Linakwenda Wapi

Pawa steringi ya gari la zamani ikichemka, pampu ndiyo hushtakiwa kwanza. Ndiyo inayolia, ndiyo inayonuka, na mafuta yanayomwagwa kutoka humo yameacha wekundu wake na kuwa kama kahawa iliyoungua. Fundi ananyoosha kidole, mwenye gari anatoa hela, pampu nyingine inafungwa. Baada ya miezi michache na hiyo nayo inalia. Baba yangu mdogo, anayeishi Lushoto, alikuwa amefikia pampu ya tatu kwenye Benz yake, ile W123 iliyozinduliwa mwaka 1976, nilipoanza kujiuliza jambo ambalo mwanzoni nililiona la kigereji tu: anayelalamika ndiye mgonjwa?

Barabara ya huko haina huruma. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushee, na katika umbali huo unapanda karibu mita 1,000. Imechongwa ubavuni mwa mlima, kona zimefuatana kupitia Soni, na malori ya kabichi na karoti yanayoteremka kwenda Dar es Salaam hayakupi nafasi ya kukata kona upendavyo. Gari linapanda kwa gia ya pili, upepo unaoingia mbele ni mdogo, injini ina moto, na usukani hauachi kuzungushwa.

Pampu huzungushwa na mkanda wa injini muda wote, ugeuze usigeuze. Inasukuma mafuta kwa shinikizo, mafuta yanamsaidia dereva kusukuma vyuma vinavyogeuza magurudumu, kisha yanarudi kwenye kitangi chake yapoe. Ukikata usukani hadi mwisho na kuubana hapo, mafuta hayana pa kwenda. Vali ya usalama inafunguka, yanazunguka humo humo, na nguvu yote ambayo haigeuzi kitu inakuwa joto. Ndiyo maana huambiwa usibane usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache. Lakini si dereva peke yake anayeweza kuyachemsha mafuta. Mkanda uliolegea huteleza na kuwaka moto. Mpira wa kurudishia mafuta ukijikunja, mafuta hayarudi vizuri. Mafuta yakipungua, hewa inaingia na kutengeneza povu. Hata tairi za mbele zenye upepo mdogo huifanya pampu ihenye. Na ndani ya kitangi cha W123 kuna filta ndogo ambayo wengi waliomiliki gari hilo hawajawahi kuiona kwa macho.

Gereji ya kwanza ilishauri mafuta mazito, ili kelele zitulie. Ya pili ilishauri kufunga bomba la kupoozea mbele ya rejeta, mafuta yapite humo kabla ya kurudi. Ushauri wa pili si wa kitapeli. Yapo magari yanayotoka kiwandani na bomba la namna hiyo, na kwenye milima kama ile lina maana. Ila hakuna aliyeuliza kwa nini pampu inafanya kazi kubwa kiasi hicho.

Aliyeuliza ni mzee mmoja fundi, ambaye hata boneti hakuifungua. “Shikamoo mzee,” nilimwambia, akaitikia marahaba huku ameshachuchumaa mbele ya tairi. Akamuuliza baba mdogo: ukitoka kwenye kona, usukani unarudi wenyewe au unaurudisha? Baba mdogo akafikiri. Anaurudisha. Tangu lini? Hakumbuki. Mzee akainua mbele kwa jeki, akaweka stendi, akachomoa tairodi zote mbili, kisha akaniita. “Haya mwanangu, shika tairi hili, geuza.” La kulia liligeuka kwa mkono mmoja. La kushoto lilinishinda mpaka nikaweka goti chini, na lilipogeuka lilikwaruza kama mlango wa stoo. Boljointi ya chini ilikuwa imepasuka kiatu chake cha mpira, maji yakaingia, grisi ikaisha, kutu ikashika. Pampu tatu zilikuwa zimekufa zikilisukuma tairi hilo.

Kilichonisumbua ni kwamba baba mdogo hakuwa mzembe. Angekuwa anaendesha Land Rover ya zamani isiyo na pawa steringi, mabega yangemwambia kabla hajafika Soni. Pampu ilimwondolea uzito, na pamoja na uzito ikamwondolea habari. Kadiri tairi lilivyokuwa gumu, ndivyo pampu ilivyozidi kujikaza ili yeye asihisi kitu, mpaka iliposhindwa. Halafu ikalaumiwa.

Ni rahisi kutoka hapa na kusema raha ni mbaya, kwamba wazee waliogeuza malori kwa misuli waliijua barabara kuliko sisi. Sikubaliani. Baba mdogo ana bega bovu. Pasipo pampu asingeweza kuwashusha jirani zake hospitali usiku. Mzigo ukipunguzwa kwa mtu ni haki, mara nyingi. Swali langu ni kama yule aliyepunguziwa ana wajibu wa kujua mzigo umehamia kwa nani. Ninaona anao. Sidhani inatosha kusema “sikuhisi”, kwa kuwa kutohisi ndiko hasa alikonunua.

Tulikuwa tunasubiri spea ije na basi kutoka Tanga, na mzee akataja, bila mimi kumuuliza, kwamba mama yake alikuwa akimbeba mgongoni huku akilima matuta Mlalo. Historia hiyo inajulikana. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo wa bonde la Mlalo uliokuwa ukichukuliwa na mvua. Watu waliamriwa kulima matuta kwenye miteremko, na asiyelima aliadhibiwa. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Lakini ardhi ilikuwa imebanwa, huku mashamba ya walowezi, huku hifadhi za misitu, na watu wakilima palipobaki. Dawa iliyochaguliwa haikugusa hilo. Iliongeza kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikaangukia migongo ya wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula. Watu walikataa, na kufikia mwaka 1957 mpango ukaachwa. Wasambaa wana usemi, kuzifya shi, kuitengeneza nchi ikapona, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman ameonyesha kuwa mabishano ya siasa Usambara yalipita sana katika maneno hayo mawili: nani anaiponya nchi, nani anaiharibu. Ofisa aliyehesabu matuta alijiona mponyaji. Joto lilikuwa mbali naye.

Sisemi kwamba boljointi na ukoloni ni kitu kimoja. Nasema wote wawili, ofisa na mwenye gari, walikuwa na hakika wanatengeneza.

Spea ilifika asubuhi, imefungwa kwenye gazeti. Mzee aliifunga, akabadilisha na ile filta, akamwaga mafuta yaliyoungua na kuweka mapya, akazungusha usukani huku na huku kutoa hewa. Bei ya spea haikufika hata robo ya pampu moja. Kisha akataja hela ya ufundi, na hapo ndipo baba mdogo alipokuja juu.

“Mzee, jana umegeuza tairi tu! Hela yote hii ya nini?”

“Wale waliokuuzia pampu uliwalipa?”

“Niliwalipa, lakini wao walinipa kitu.”

Mzee akafuta mikono yake kwa tambara, akaketi juu ya tairi la akiba, akasema hana haraka.

Waliafikiana karibu na adhuhuri. Bomba la kupoozea nalo baba mdogo alilitaka lifungwe vilevile, na mzee hakumkatalia.