Nidhamu na Hofu

Katika jiji la Mbeya uko mtaa uitwao Soweto. Jina hilo ndilo la kile kitongoji cha Johannesburg ambako, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi waliandamana kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Kila tulitajapo hatuna budi kujiuliza: mtoto aikataapo amri ya shule, je, amekosa adabu, au amri yenyewe ndiyo iliyokosa utu?

Swali hili si la Afrika peke yake. Mwaka 1931 Wajerumani walitoa Mädchen in Uniform, mojawapo ya filamu zao za mwanzo zenye sauti. Iliongozwa na mwanamke, Leontine Sagan, na waigizaji wake wote walikuwa wanawake. Kisa chake chatokea Potsdam, katika shule ya bweni ya mabinti wa maofisa wa jeshi. Mkuu wa shule aliamini kwamba ukuu wa taifa hujengwa kwa amri na njaa. Manuela, aliyefiwa na mama, alipata faraja kwa mwalimu mmoja tu, Bibi von Bernburg, aliyempa shumizi yake mwenyewe alipoona ya mtoto imechakaa. Manuela alipoutangaza hadharani upendo wake kwa mwalimu huyo, Mkuu akamtenga na wenziwe. Kwa kukata tamaa alitaka kujirusha kutoka juu ya ngazi. Wanafunzi wenziwe ndio waliomwokoa, na Mkuu akabaki hana la kusema.

Wazee wetu waliijua nidhamu ya namna hiyo bila ya kuiona filamu. Viboko ishirini na vitano vya utawala wa Wajerumani, "hamsa ishirini", vimebaki katika kumbukumbu yetu. Viliwanyamazisha watu, havikuwaridhisha. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, ni ushahidi.

Wapo watakaotujibu: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Bibi von Bernburg hakuwa mlegevu. Alidai utaratibu, wala hakumnyima mtoto utu wake.

Kanuni zetu za mwaka 2002 ziliweka ukomo wa viboko vinne. Hapana kanuni, hata hivyo, iwezayo kumpimia mwalimu huruma yake. Hiyo ataipima mwenyewe. Hofu hulinda darasa mwalimu akiwapo. Heshima hulilinda hata akiondoka.