Mwalimu Anayengoja Sokoni



Mwezi huu twataka kuzitafakari habari za watenda kazi wa shamba la mizabibu, zilizoandikwa katika Mathayo 20:1-16. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa, hata saa kumi na moja. Na kila alipotoka aliwakuta watu wamesimama sokoni. Alipowauliza wale wa mwisho sababu ya kukaa bure mchana kutwa, walimjibu kwamba hapana mtu aliyewapa kazi. Hapo pana jambo ambalo mara nyingi twalipita upesi: bwana yule hakuwaita wavivu. Aliyakubali maneno yao, akawapeleka shambani.

Katika sharika zetu wako wengi wanaosimama sokoni namna hii, na miongoni mwao ni vijana waliosomea ualimu. Zamani kijana akimaliza chuo alipangiwa shule, akafunga mizigo yake, akaenda. Siku hizi sivyo. Sharti aombe nafasi, aitwe kwenye usaili, ashindane na wenzake walio wengi kuliko nafasi. Na asipochaguliwa hungoja mwaka mwingine, na mwingine tena. Vyeti vyake vimo sandukuni, na mkononi ana jembe la baba yake.

Twamjua kijana mmoja wa namna hiyo. Alingoja miaka minne. Watu wakampa jina, wakamwita mwalimu wa kuku, kwa maana hakuwa na wanafunzi ila kuku wa mama yake. Sisi nasi tulicheka. Twakiri jambo hili mbele yenu, maana siku ile tulipocheka tulikuwa tumetoka mezani pa Bwana asubuhi ile ile.

Mwaka wa tatu akaja mtu, akanena kwamba aweza kulitia jina la kijana katika orodha, akipewa fedha. Mama akataka kumwuza ng'ombe. Tusimhukumu mama yule. Mzazi aliyemlilia mwanawe miaka mitatu huona kila tundu kuwa mlango. Lakini kijana akakataa, akasema, "Mama, nikiingia kwa njia hii, siku mtoto atakapoiba majibu katika mtihani, nitamwambia nini?" Ng'ombe akabaki zizini, na kijana akabaki nyumbani mwaka mwingine.

Bwana wetu amefundisha katika Yohana 10 kwamba aingiaye mlangoni ndiye mchungaji, bali akweaye penginepo ni mwivi. Wala neno hili si la mbinguni tu. Mwaka 2017 serikali yetu ya Tanzania ilipohakiki vyeti vya watumishi wake, zaidi ya watu 9,900 walionekana wana vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumika miaka mingi, wamejenga nyumba, wanasomesha watoto. Na yote yakatikisika kwa siku moja. Mlango wa uongo hauachi kuwa wa uongo kwa sababu umepita miaka mingi tangu uingie.

Basi, anayengoja afanye nini? Wale wa saa kumi na moja hawakulala nyumbani. Walisimama sokoni, mahali bwana anapopita. Kadhalika kijana asiviache vitabu vyake. Akusanye watoto wa jirani wasiojua kusoma, akawafundishe chini ya mti. Ashike darasa la shule ya Jumapili. Akipata kazi katika shule ya mtu binafsi yenye mshahara mdogo, asione haya kuipokea. Ila aombe mkataba wa maandishi, ausome kabla ya kutia sahihi.

Kijana wetu aliitwa mwaka wa nne, akapelekwa mbali, asikojua mtu. Akatuandikia barua. Alifika na godoro na begi moja; mshahara wa kwanza ulikawia; na darasa lilijaa hata wengine wakaketi sakafuni. Juma la kwanza aliwanyoshea fimbo akisema, "Wewe mwenye sweta, jibu! Wewe pale nyuma!" Wakaogopa, wala hakujibu hata mmoja. Ndipo mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akamwita kando akamwambia, "Mwanangu, leo hukufundisha, umepiga kelele tu. Jifunze majina kwanza." Jioni akachukua kitabu cha mahudhurio, akajifunza majina kumi, na kesho yake kumi mengine. Siku alipomwita kwa jina mtoto wa safu ya mwisho, mtoto yule aligeuka kutazama nyuma, akidhani yuko mwingine anayeitwa.

Ndugu walimu mnaoanza, andalio la somo mtaandika, na azimio la kazi mtaandika, nayo ni mambo ya lazima. Lakini katika Yohana 10 mchungaji huwaita kondoo wake mwenyewe kwa majina, ndipo huwaongoza nje. Hawezi kuongoza asiyemwita.

Sasa twageuka kwenu, wazee na washarika. Misheni ya Leipzig ilipofungua chuo cha walimu Marangu mwaka 1912, mwalimu alikuwa mtu wa usharika. Tangu mwaka 1969, serikali ilipozitwaa shule zilizo nyingi za misheni, tumezoea kusema, "Huyo ni wa serikali," tukanawa mikono. Je, watoto anaowafundisha ni wa nani? Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 kuwahimiza waanzishe shule, maana alijua kwamba kuwaacha watoto bila mafundisho ni hasara ya kanisa na ya mji pia.

Kwa hiyo, mwalimu mgeni akishuka kijijini kwenu, msingoje kuuliza dini yake. Mwonyesheni kisima. Mpelekeeni kuni na debe la mahindi mpaka mshahara wake ufike. Mwenye chumba asipandishe kodi kwa kusikia kwamba mpangaji ni mtumishi wa serikali. Na yule anayengoja bado kati yenu, msimpe jina la kucheka.

Mwenye shamba aliwapa wa mwisho dinari nzima, kwa maana nao walihitaji chakula cha siku ile. Hakuwakata kwa saa walizosimama sokoni. Nasi tusiwakate.

Ee Bwana wa shamba, uwatie nguvu wanaongoja, uwape subira wanaoanza, na utusamehe sisi tuliocheka. Amin.