UZEE SI KUFUNGA MIKONO

Masomo: 2 Samweli 17:27-29, 19:31-39



Daudi alipomkimbia mtoto wake Absalomu, alifika Mahanaimu na watu wenye njaa na kiu. Kati ya wale waliowaletea vitanda, vyungu, ngano, maharagwe na asali alikuwa Barzilai, mzee wa miaka 80. Hakuna aliyemwamuru. Vita ilipokwisha, mfalme alitaka kumchukua Yerusalemu ili amlishe. Barzilai alikataa, kwa sababu hakusikia tena ladha ya chakula wala sauti ya waimbaji. Tuone vizuri: mwili ulikuwa umechoka, lakini moyo ulikuwa ungali kazini.

Sisi wa Kongo tunaijua kazi ya kulazimishwa. Wakati wa Mobutu, salongo ilikuwa amri ya serikali. Hatusemi kazi ya namna hiyo. Kanisa letu lina maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Upendo unatangulia. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, lilijengwa kwa mikono ya waumini.

Lakini leo tunasikia wazee wakisema: "Kazi ilikwisha, pansioni haifiki, watoto wako mbali, tunangoja kufa tu." Neno hilo linaua kabla ya ugonjwa.

Huko Baltimore, Marekani, wazee wa miaka 60 na zaidi walikwenda shuleni masaa 15 kwa juma kusaidia watoto kusoma. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 ulionyesha kwamba walitumia mwili zaidi, na walipata watu zaidi wa kukimbilia wakati wa shida.

Kwetu kazi haikosekani. Kuna mgonjwa hospitalini asiye na mtu wa kumpikia. Kuna msichana aliyezaa mara ya kwanza, hajui kuogesha mtoto. Kuna mume na mke waliogombana. Mzee anayewasaidia hana nafasi ya kuhesabu maumivu yake usiku na mchana. Na siku asipoonekana, kuna mtu atakayempigia hodi.

Lakini ninyi vijana, msiwabebeshe wazee mizigo mnayoikimbia. Barzilai alijua mpaka wake. Alimsindikiza mfalme kuvuka Yordani, kisha akarudi kwake, akamtoa Kimhamu aende mahali pake. Mzee afanye anachoweza, na anayelala kitandani asihukumiwe: maombi yake ni kazi pia. Tena, mzee anayejitolea naye ana tumbo. Tusipokee mikono yake na kusahau sahani yake.

Kwa hiyo, siku ya posho inayokuja, sisi mashemasi tumtembelee kila mzee wa parokia, tumuulize mambo mawili: Baba, Mama, umekula? Na unaweza kutufundisha nini?

Mungu awape nguvu. Amina.