Mavazi ya Mgeni

Watu husema kwamba kufunga mzigo ni kazi ya mikono tu. Sisi twaona ni kazi ya moyo pia. Maana mtu akunjapo nguo zake hukata shauri, hata bila kujua, jinsi atakavyowahesabu wale awaendeao. Tuchukue safari ya Unguja, ambayo wasomaji wengi wa bara huifanya kwa kazi, kwa arusi au kwa mapumziko.

Wenyeji wa kisiwa kile karibu wote ni Waislamu. Mwanamke apitapo njiani hujitanda, wala bega na goti havionekani. Mwanamume naye hatembei mjini kifua wazi. Huko Paje, pwani ya mashariki, wageni hulala mchangani na nguo za kuogelea. Maji yakipwa, wanawake wa kijiji hupita karibu nao kwenda kwenye mashamba ya mwani, wamejifunga kanga tangu kichwani. Hawasemi neno. Lakini kunyamaza si kuridhika, na sisi tulio wa lugha moja nao twajua hivyo kuliko mgeni wa Ulaya; kwa hiyo udhuru wetu ni mdogo kuliko wake.

Wako wasemao, "Nguo ni yangu, na nauli nimelipa mwenyewe." Neno hili halitusumbui sana. Nauli hununua nafasi melini. Hainunui macho ya watu.

Liko swali lililo zito zaidi. Mwanamke ambaye kwao kichwa wazi si aibu, akijitanda kanga huko, je, si mnafiki? Je, hakubali kwa tendo lake kwamba mwili wa mwanamke ni kitu cha kufichwa? Waulizao hivyo si wajinga. Lakini kwanza yatupasa kujua vazi lasema nini mahali pake. Zamani za utumwa, mjakazi wa Unguja alijifunga merikani au kaniki chini ya kwapa, na kichwa chake kilikuwa wazi. Kujitanda kulikuwa kwa waungwana. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1897 sheria ikaiondoa hali ya utumwa. Ndipo wengi wa wanawake waliokuwa watumwa wakajipatia kanga, na baadaye buibui, wakajifunika kama waungwana. Kwao hao, kichwa kilichofunikwa kilitangaza kwamba hawana bwana tena. Basi mgeni atazamaye nguo ile na kuiita kifungo, amehukumu kabla ya kuuliza.

Hatusemi kwamba kila ajifunikaye leo amependa mwenyewe. Palipo na shuruti ni jambo jingine, nalo wenyeji wana haki ya kulinena kuliko mtu wa siku tatu. Wala hatusemi mgeni ajigeuze. Mwanamume anunuaye kanzu na kofia ili adhaniwe Mwislamu sokoni, apunguziwe bei, huyo amevaa uongo. Kanga ya mgeni ni kama hodi: yasema kwamba nyumba hii ina wenyewe. Apigaye hodi hajasema kuwa yeye ni mtu wa nyumba ile.

Mzigo wenyewe si mkubwa. Gauni refu la pamba lenye mikono, suruali ndefu, na viatu vya kuvuliwa upesi, kwa kuwa watu huviacha mlangoni. Nguo ya kuogelea ibaki pwani. Kanga yatosha doti moja, ila jina lake lisomwe kabla ya kununuliwa; wako waliopita mtaani wakiwasimanga watu kwa migongo yao wasijue. Tena doti hiyo iwekwe juu kabisa katika sanduku, si chini. Maana bandari ya Unguja iko mjini penyewe, na mtu ashukapo melini huwa amekwisha kufika mbele ya wenyeji.